Tao la Goti

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Sydney nilishuka stesheni ya Seven Hills nikiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mlikuwa na patasi mbili za marehemu baba, nyundo ya mti iliyopasuka ubavu, na vipande vinne vya mkate wa kumimina. Nilitembea kati ya maghala ya matairi na viwanda vya madirisha mpaka nikasikia sauti ninayoijua, ya chuma kikigonga jiwe. Sikuhitaji tena kuuliza njia.

Mimi ni mwashi, mtoto wa mwashi, wa Tanga. Nalieleza neno hili kwa sababu vijana wa chama chetu cha wasema Kiswahili hapa Sydney, ambao ndio walioniomba niandike, nimewasikia wakidhani mwashi ni mpanga matofali. Mpanga matofali hupanga kitu kilichokwisha kutengenezwa. Mwashi hulichukua jiwe likiwa halina sura wala adabu, akalichonga mpaka likubali kukaa mahali pake. Kwetu tulijengea mawe ya matumbawe na chokaa. Australia nilikuja nyuma ya mke wangu aliyepata kazi ya uuguzi; yeye alikuja na cheti, mimi nikaja na yeye.

Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa uso mwekundu, kaptula na soksi nene. Hakuniuliza karatasi. Alinionyesha jiwe la mchanga, rangi ya samli, kubwa kama sanduku la nguo, akaniambia nilipige mraba. Niliuliza kwanza: jiwe hili lililala vipi ardhini? Maana jiwe la mchanga lina matabaka kama kurasa za kitabu. Ukilijenga likiwa limelala kama lilivyolala, linaishi. Ukilisimamisha wima, mvua na chumvi zinalifunua ukurasa mmoja mmoja mpaka linakwisha. Msimamizi alinitazama tena.

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Jina lako nani?"

"Athumani."

Alijaribu mara mbili, ulimi ukamgomea. "Nitakuita Tom," akasema. Basi nikawa Tom kwa miaka kumi na tisa. Liwekeni akilini hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kisha akasema: "Sikiliza, Tom. Hapa kazi yetu nyingi ni Gothic. Unaijua Gothic?" Lakini Waaustralia humeza mikia ya maneno kama watu wenye haraka ya kwenda kula, na kilichonifikia mimi kilikuwa "goti". Nikamjibu kwamba naijua sana. Nani asiyelijua goti?

Wala macho hayakunikanusha. Ukutani palitundikwa vigezo, yaani sura za mawe zilizokatwa kwenye bati ambazo mwashi huzilaza juu ya jiwe na kuzifuatisha kwa msumari. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa kigezo cha tao lenye ncha juu. Ukikitazama, unamwona mtu ameketi chini, ameinua goti moja. Tena tao lenyewe ni la kanisa, na kanisani watu hupiga magoti. Nilirudi nyumbani Lidcombe jioni ile nikamwambia mke wangu, nimepata kazi ya kujenga matao ya goti. Akasema jina zuri, sasa vua viatu, umeleta vumbi.

Tao lile halikuwa geni kwangu. Mihrabu ya msikiti wa mtaani kwetu ilikuwa na ncha hiyo hiyo, na mwashi aliyeichonga alikufa zamani kabla babu yangu hajazaliwa. Kwa hiyo nilipoona wenzangu wanahangaika nalo, mimi nililifanya kwa kiburi kidogo. Tao la duara lina jiwe moja la juu kabisa, bwana mkubwa, linalofunga wengine. Tao la goti halina mkubwa. Pande mbili zinapanda, zinakutana kileleni, kila upande unataka kuuangusha mwenzake, na kwa kutaka huko zinasimama. Kazi ya mjenzi ni kuziwekea egemeo kwa nje ili zisitawanyike.

Nilipelekwa huku na huku. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa milimani, kwenye nyumba ya masista iliyokuwa ikimeguka madirisha. Kisha kanisa dogo la upande wa magharibi, ambako Msimamizi aliniachia mimi nakshi za dirisha zima. Hizo ni zile kamba za mawe zinazopindana ndani ya dirisha na kushika vioo. Nikawa sasa naogopwa kidogo. Wageni wakija karakanani wanaambiwa, muulizeni Tom.

Lakini karakanani palikuwa na meza moja ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa karibu na dirisha la kaskazini, yenye mwanga mzuri, nayo ni meza ya mchongaji. Mwashi hutengeneza jiwe lenye pembe, mifereji na mikunjo. Mchongaji hutengeneza jani, ua, uso. Mzee aliyekuwa akiikalia alistaafu, ikabaki tupu kwa mwaka mzima. Niliifuta vumbi mwenyewe kila Ijumaa. Kila mtu alijua namngojea nani aseme neno.

Kulikuwa na tatizo moja, na nitalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Baba alinifundisha nisichonge chenye roho. Ua, jani, kamba, nyota, hayo ruksa. Mnyama na mtu, hapana. Msimamizi aliwahi kuniletea mlizamu nimtengenezee. Nyumba zetu za pwani zina milizamu, ile midomo inayotema maji ya mvua mbali na ukuta. Lakini hawa Wazungu huifanya kuwa majoka na mashetani yenye vinywa wazi. Nilikataa. Alisema, "Sawa, Tom, nakuelewa," na nadhani siku ile ile alinifuta moyoni kwenye meza ya dirishani.

Ndipo akaja Bisimwa.

Alikuwa Mkongo, kutoka milima ya upande wa Bukavu, amepitia kambini miaka mingi na baada ya hapo ghala moja la vyakula hapa Sydney. Alichukuliwa kuendesha winchi ya kunyanyulia mawe. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, anacheka kwa mabega. Msimamizi alimleta kwangu akasema, "Tom, huyu mtu wako."

Mtu wangu! Kutoka Tanga hadi kwao ni safari ya juma zima, tena yeye wa kanisa na mimi wa msikiti. Ila Kiswahili tulikuwa nacho sote, chake kimekaa upande na kimevaa Kifaransa, na kazini penye watu wanaosema "meti", yaani rafiki, kutwa nzima ilikuwa raha kumsikia mtu akikwambia "Papa". Nilimfundisha. Nasema wazi, nilimfundisha kila kitu: kulijua jiwe linavyolala, kushika patasi kwa vidole na si kwa ngumi, kuvaa barakoa kwa sababu vumbi la jiwe la mchanga huua mapafu. Nikamfundisha na maneno yetu. Tao jembamba lenye ncha kali tuliliita goti kali. Lile pana tuliliita goti la mzee. Wazungu wakitusikia tukiitana, "Niletee goti la mzee," wanadhani tunasema Gothic kwa lafudhi mbaya, na sisi tunadhani wao ndio wenye lafudhi.

Siku moja wakati wa mapumziko ya chai, ambayo wenyewe huyaita smoko, Bisimwa alichukua kipande cha jiwe kilichotupwa na patasi yangu. Patasi ya baba. Kabla chai haijapoa alikuwa ametoa kichwa cha mbwa wa Msimamizi, sikio moja limesimama na moja limelala, mbwa mwenyewe kabisa. Kumbe kambini alikuwa akichonga vinu na miiko, na kwenye kila mwiko akiweka kichwa cha ndege. Watu walizunguka. Msimamizi alikigeuza mkononi, kisha akauliza, "Rudia jina lako?" Akalitamka: Bi-si-mwa. Mara ya kwanza tu, silabi zote tatu, safi kama mtu wa Bukavu.

Mimi Tom nikamimina chai yangu chini.

Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo, nikizihesabu usingizi haunijii. Alikaa kwenye meza ya dirishani wiki iliyofuata. Nilijiambia haidhuru, milizamu mimi siitaki, naye achonge mashetani yake. Nilijiambia hivyo kwa sababu kulikuwa na kitu kingine nilichokitaka, na nilijua kinakuja.

Tulikuwa tumepewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu, kanisa la chuo kimoja cha zamani ndani ya jiji, lililoliwa na chumvi tangu msingi hadi mnara. Mkubwa wa kazi alikuwa Msanifu wa majengo ya kale, mama mmoja mrefu mwenye miwani shingoni, anayepanda jukwaa kama mbuzi. Mlango mkuu ulikuwa na tao la goti la mzee, na juu kabisa ya ncha yake kulikuwa na ua la jiwe, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ambalo lilikuwa limebaki kisiki. Ua lile lilihitaji kuchongwa upya. Si uso, si mnyama, bali majani manne makubwa yanayofunguka na tumba katikati. Mizungu ya majani kama hayo baba alinifundisha nikiwa sijaota ndevu. Niliomba. Nilimwendea Msanifu mwenyewe, nikavua kofia, nikamwambia, ua hili nipe mimi.

Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Tom, matao yako ndiyo mazuri kuliko yote niliyoyaona nchi hii. Lakini nataka mkono mmoja kwenye uchongaji wote. Ua litafanywa na Bisimwa."

Aliye juu mngoje chini. Nilimngoja. Miezi mitatu nilikata mawe ya tao chini kabisa, naye dirishani anafungua majani. Nilipita nyuma yake kutafuta kosa. Nitakiri, na kukiri kunaniuma hata sasa: jani la pili lilikuwa zuri kiasi kwamba nilikwenda chooni nikanawa uso. Niliporudi nikamwambia, "Shina nene." Akasema, "Aksanti, Papa," akalipunguza. Hata hilo lilinikasirisha, kwamba alinisikiliza.

Wakati huo binti yangu wa mwisho, Ruwaida, alikuwa akisoma fasihi chuoni, amepanga nyumba Kensington na wenzake wanne. Jumamosi moja nilimpelekea pilau. Mlango ulifunguliwa na msichana wa Kikenya, amevaa nyeusi juu hadi chini, midomo nyeusi, kucha nyeusi, na macho yamezungushiwa wanja mzito. Nikadhani kuna msiba.

"Huyo Wambui tu, Baba," Ruwaida akasema. Akaongeza kwa Kiingereza, maana watoto wetu huelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, "Yeye ni goth."

"Goti? Goti lake limefanyaje?"

Wale wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. "Aki mzee, si goti!" alisema Wambui. "Ni Goth, bana. Ni venye nimevaa."

Nikawaambia, mimi nimejenga magoti haya miaka kumi na tisa, msinifundishe. Nikamchorea tao juu ya karatasi ya pilau, nikamweka mtu na goti lake. Ruwaida akaacha kucheka. Alinihurumia, na hakuna kitu kibaya kama kuhurumiwa na mtoto wako. Akanieleza polepole, akichanganya lugha zote mbili.

Wagothi walikuwa watu wa zamani wa Ulaya, akasema, kaumu iliyoipiga Roma ikatawala humo kisha ikapotea. Walikuwa na lugha yao. Lugha ile ilikufa, na leo inajulikana kwa kiasi kikubwa kupitia vipande vya maandiko ya Kikristo vilivyotafsiriwa kwayo. Mamia ya miaka baada yao wakaja waashi wa makanisa yenye matao ya ncha. Wagothi hawakujenga hata moja. Ila baadaye Waitaliano waliopenda majengo ya Kirumi waliyatazama matao yale wakayadharau, wakasema haya ni ya washenzi, ni ya Kigothi. Lilikuwa tusi. Likaganda likawa jina la heshima. Kisha wakaja waandishi wa hadithi za kutisha, wakaziweka ndani ya majumba ya namna hiyo yaliyochakaa, yenye vyumba vilivyofungwa na siri zilizofichwa na wenye nyumba. Hadithi nazo zikaitwa za Kigothi. Mwisho wakaja kina Wambui na wanja wao.

"Kwa hiyo waliojenga hawana jina," nikasema, "na wenye jina hawakujenga?"

"Ndiyo hivyo, Baba."

Kwenye treni ya kurudi Lidcombe niliona haya peke yangu. Miaka kumi na tisa! Nilikumbuka mara zote nilizolisema mbele ya Msimamizi, mbele ya wageni. Nikaamua sitamwambia mtu. Nitalitamka sasa na mkia wake wote, na wa kukumbuka akumbuke.

Wiki mbili baadaye kazi ilikwisha. Ua likapandishwa kwa winchi, nikalipokea mimi juu ya jukwaa na kulikalisha, kwa sababu kukalisha ni kazi ya mwashi. Chokaa ya kulifunga niliichanganya mwenyewe. Msanifu akatangaza kwamba siku ya kufungua kutakuwa na wageni wa chuo na wafadhili, na angependa mchongaji aseme maneno machache kuhusu Gothic na ua lake. Chanda chema huvikwa pete. Mwashi hakuambiwa aseme.

Siku moja kabla, wakati wa smoko, Bisimwa alikuja akakaa kando yangu. Alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa.

"Papa, nikuulize. Ile neno bazungu banasema, Gothic. Njo goti, haiko vile?"

Nilikuwa na kikombe mdomoni. Nilipata muda wa kutosha wa kusema hapana, tena muda mrefu. Nikameza chai, nikamtazama usoni.

"Ndiyo," nikasema. "Goti. Waambie hivyo hivyo."

Alikunja ile karatasi tena, akaitia mfukoni. "Aksanti, Papa," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Viti viliwekwa kwenye majani mbele ya mlango, na sisi wafanyakazi tukasimama nyuma tumevaa mashati safi. Mkuu wa chuo alisema, Msanifu akasema, kisha Bisimwa akapanda na suti ya kuazima iliyomzidi mabega. Kiingereza chake kilikuwa cha kutembea kwa fimbo, lakini kilitembea. Akasema, "Neno Gothic maana yake goti." Akainua mguu wake, akapiga goti lake kwa kiganja, mbele ya watu wote wale.

Walicheka. Si kwa ubaya, ila walicheka, na niliuona uso wa Msanifu ukishuka. Nilifurahi. Sijifichi. Nilisikia furaha kifuani kama mtu aliyekunywa maji baridi mchana wa Ramadhani akijua kabisa anavunja saumu.

Bisimwa alingoja wakamaliza kucheka. Kisha akasema: "Neno hili nilifundishwa na fundi wangu. Aliniambia tao la goti halina mkubwa. Pande mbili zinasukumana, kwa hiyo zinasimama. Mimi nimefanya ua tu. Ua halibebi kitu. Mkiliondoa, mlango utasimama. Tao ndilo linalobeba, na tao ni la Papa Athumani bin Mbaraka, wa Tanga." Akaninyooshea mkono.

Msimamizi, aliyekuwa kando yangu, aliinama akaninong'oneza, "Nani huyo Athumani?"

"Ni mimi," nikasema.

Watu waligeuka wakanipigia makofi. Wengine walisimama. Mfadhili mmoja mwenye kofia alimwambia jirani yake kwamba maana hii ni nzuri kuliko ile ya vitabuni, na Msanifu alikuwa akitikisa kichwa kukubali huku anafuta miwani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia nikishangiliwa.

Baadaye kwenye meza ya keki nilimvuta Bisimwa pembeni. Nilitaka kujua amejisikiaje walipomcheka, na sijui nilitaka jibu gani. Alitoa ile karatasi mfukoni akanipa. Ilikuwa imeandikwa na Msanifu, maelezo mafupi kwa ajili yake: Wagothi, tusi, matao, yote aliyonieleza Ruwaida.

"Mi nilikuwa nayo tangu juma iliyopita," alisema. "Njo maana nilikuuliza. Nikaona weye Papa ungali unajua goti. Sasa ningesema ingine mbele ya bale batu na weye umesimama pale? Umenifundisha mbele ya kila mutu. Ningekuaibisha namna gani?"

"Wamekucheka," nikasema.

"Haizuru. Kicheko inapita."

Hapo ndipo ulipokuwa wakati wa kumwambia. Alikuwa amesimama mbele yangu na kipande cha keki, amebeba aibu akidhani ni yangu, kumbe nilimtwika kwa makusudi. Nikasema, "Keki tamu." Ndiyo maneno niliyoyasema.

Nilifanya kazi miaka mitatu zaidi. Hakuna aliyeniita Tom tena. Msimamizi alijifunza, silabi nne, akikosea anarudia. Siku ya kustaafu walinipa kigezo kile cha bati, cha siku ya kwanza, kimeandikwa jina langu kamili kwa msumari, na mwandiko ulikuwa wa Bisimwa.

Vijana huniuliza kazi hii imenipa nini. Imenipa nyumba Lidcombe, kikohozi cha asubuhi, na magoti mabovu. Waashi hulalamika mgongo, mimi ni magoti. Nasali juu ya kiti sasa, na mke wangu akiniona nahangaika kuinuka husema, haya, mtaalamu wa magoti. Imenifundisha pia kwamba jina na kazi si ndugu wa damu. Waashi wa makanisa yale walivunja mikono yao, jina wakapewa Wagothi ambao hawakugusa jiwe. Zamani nilikuwa nikilisimulia hilo kwa uchungu, nikijiona mimi ni wale waashi.

Mwezi uliopita nilikwenda Seven Hills. Bisimwa ndiye mkuu wa karakana siku hizi. Nilikwenda kwa nia moja, nimekwishapanga na maneno kwenye treni. Nikiwa bado mlangoni nilimsikia msichana wa Kizungu, mwanafunzi wa uashi, akimwita mwenzake: "Niletee goti la mzee!" Kwa Kiswahili, hivyo hivyo. Wote pale wanasema goti. Bisimwa alinishika mkono, akanipitisha meza kwa meza. "Huyu ndiye," aliwaambia. "Huyu ndiye Athumani wa goti." Wakaacha patasi zao wakaja kunisalimia, na mimi nikawapa mkono mmoja mmoja, nikarudi nyumbani na maneno yangu.

Basi leo mimi ndiye Mgothi. Jina langu limekaa juu ya kitu ambacho sikukifanya: wema wa siku ile. Yule aliyeufanya hakuandikwa popote. Nilimwonea wivu wa meza, nikamwonea wivu wa ua, nikamwonea wivu hata wa jina lake kutamkwa. Sasa namwonea wivu wa moyo, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu meza na ua ningeweza kupewa.

Jarida hili la chama Bisimwa hulisoma. Nililiona juu ya meza yake ya chai, limewekewa patasi lisipeperuke. Kwa hiyo atafika hapa. Bisimwa, siku ile uliponiuliza, nilikuwa najua. Nilijua tangu Kensington, nikakuacha uende. Niwie radhi, ndugu yangu. Na lile ua, Mungu anisamehe, kila nikipita chini yake natazama juu, na bado naona jani la kushoto ningelikunja kidogo zaidi.